Ubavu wa Saba

Ile ya kwanza niliivika nyeupe.
Nyeupe! Machi, Kemijärvi,
ziwa limeganda, mbingu imegandia juu yake,
kunguru akipita ni doa la wino lililokosa barua.
Ilipaa, ikapinda kushoto, ikawa si kitu.
"Iko wapi?" akauliza Veijo.
Nikamwonyesha mbingu yote kwa kidole kimoja.
Tuliiokota Mei, chali kwenye matete,
panya amezalia kwenye kiti cha rubani.

Mchagua jembe si mkulima, najua,
lakini safari hii nachagua.
Nimetandaza vipande mezani, kando ya kahawa:
rangi ya chungwa, ile ya koti nililovaa
miaka thelathini na mmoja relini
ili treni inione kabla sijaiona;
buluu, ambayo Veijo anaicheka:
"Umfiche samaki majini, kisha ukanunue miwani";
na huu wa tatu, utando mwembamba kama ganda la kitunguu,
manjano kidogo, ukiuweka mbele ya gazeti
unasoma matangazo ya vifo bila shida.

Macho yangu yana miaka sabini na miwili.
Macho yanasema: chungwa, na usijadili.

Ila mbavu za bawa alizikata Onni.
Likizo ya baridi, ulimi nje, wembe mkononi,
mbavu kumi na nane za balsa,
na wa saba akaukata mfupi.
Hakusema. Akaunga kipande,
akashindilia gundi na vumbi la msasa,
akaandika kwa penseli, herufi za sisimizi:
samahani babu.
Niliyaona maneno hayo yeye keshafika Tampere.

Chungwa litaufunika ubavu ule milele.
Ganda la kitunguu litautangaza kwa kila aliye chini.
Ipi ndiyo huruma?
Nilikunywa kahawa ya pili juu ya swali hilo,
na ya tatu, iliyopoa.

Pasi ni ya Aulikki.
Kanikopesha kwa sharti: niivishe soksi,
na tone moja la gundi likigusa blauzi yake
nitalala karakana pamoja na mbwa.
Naanza chini ya bawa, kisha juu,
ili mshono uangalie ardhi.
Kingo kwanza, kwa ncha ya pasi, kidogo kidogo,
moto wa kushika tu, si wa kukaza.
Katikati uache ulegee kama shuka.
Usiuvute kwa pupa.
Nimeuvuta kwa pupa.
Kiputo. Sindano. Kiputo kingine.
Unywele wa mbwa umenaswa humo,
utadumu kuliko mbwa mwenyewe.
Halafu napandisha moto,
na mikunjo inakimbia, inakimbia, imekwisha;
nagusa kwa ukucha, bawa linasema ti.
Lakini upande mmoja umekaza kuliko mwenzake,
bawa limejipinda kama mtu aliyelalia shingo.
Nalisokota kinyume, nalishikilia, moto tena,
nalipuliza lipoe, kama uji wa mtoto.

Nimefanya hivi: ncha zote mbili chungwa,
kwa ajili yangu.
Katikati, kitunguu.

Pasaka alikuja. Kimo kimeongezeka, maneno yamepungua.
Nikairusha kutoka kwenye barafu, jua upande wa pili,
ikapita juu yetu imewaka, mifupa yote nje.
Nikamsikia akihesabu kwa sauti ya chini,
moja, mbili,
tatu,
hadi sita.
Akanyamaza. Akanitazama mimi, si ndege.

Mimi nilikuwa na kazi na usukani.
Upepo wa ziwani, unajua, mkaidi sana.